Kukopa Harusi, Kulipa Matanga: Shahada ya Uhandisi wa Umeme na Hesabu ya Deni Lake

Utangulizi

Habari kwamba mwana ameitwa chuo kikuu kusomea uhandisi wa umeme haziingii kijijini kimyakimya. Mbuzi huchinjwa, majirani hualikwa, harambee hufanywa, na kabla kijana hajavuka lango la chuo kijiji kizima huwa kimekwisha kumwita Injinia. Katikati ya shangwe hizo aghalabu hujitokeza mtu mmoja, labda mjomba, labda mwalimu mstaafu, akauliza: mkopo utakaochukuliwa utalipwa na mshahara upi? Hujibiwa upesi kwamba mhandisi hakosi kazi. Jibu hilo huwatosheleza waliopo, na karamu huendelea.

Wahenga walinena kuwa kukopa harusi, kulipa matanga. Makala haya yanashikilia kwamba swali la mjomba ni zuri ila limepungukiwa. Kwa kawaida mizani ya deni na mapato hutiwa vitu viwili tu: jumla ya mkopo upande huu, na mshahara unaotarajiwa upande ule. Kinachosahauliwa ni kitu cha tatu, nacho ni muda. Mara nyingi deni la shahada hii si kubwa kuliko mshahara wa mhandisi. Balaa huzuka pale ambapo deni huanza kudai kabla ya mshahara kuanza kuingia.

Neno mhandisi asili yake ni Kiarabu, na mzizi wake unahusu jiometri, yaani elimu ya vipimo. Ni ajabu basi kwamba mtu anayefunzwa kupima kila kitu, kuanzia waya mwembamba hadi transfoma ya mji mzima, huondoka chuoni bila kufunzwa kupima deni lake mwenyewe.

Kutoka Bumu hadi Deni

Mikopo ya wanafunzi si jambo geni nchini Kenya. Mwaka 1952, enzi za ukoloni, ulianzishwa mfuko wa kuwakopesha waliokwenda kusoma nje ya Afrika Mashariki. Mwaka 1974 serikali ilianzisha mpango wa kuwakopesha wanafunzi wa vyuo vikuu. Ni katika mwaka uo huo ambapo kituo cha Kamburu, kwenye Mto Tana, kilianza kuzalisha umeme. Kilifuatwa na Gitaru mwaka 1978 na Masinga mwaka 1981. Nchi iliyokuwa ikijenga mabwawa kwa kasi hiyo iliwatafuta wahandisi kwa udi na uvumba. Mhitimu wa enzi hizo hakuitafuta kazi. Kazi ndiyo iliyomtafuta.

Fedha za matumizi alizopewa mwanafunzi ziliitwa bumu, na jina hilo lilikuwa na athari zake. Bumu ni neno la neema. Halina mkopeshaji wala siku ya kulipa. Wengi waliipokea kana kwamba ni zawadi ya serikali kwa werevu wao, na wengi hawakuirejesha, kwa kuwa serikali nayo haikuwa na sheria madhubuti ya kuidai. Baada ya sera ya ugawanaji wa gharama kuwafikia wanafunzi wa vyuo vikuu mwaka 1991, hali hiyo haikuweza kuendelea. Mwaka 1995 Bunge lilipitisha sheria iliyounda Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, maarufu kama HELB, na kuipa uwezo wa kukopesha na pia wa kudai, hata kupitia kwa waajiri.

Tangu hapo fedha zilianza kuwa na majina mawili. Zinapopokelewa huitwa mkopo, na zinapodaiwa huitwa deni. Anayetia sahihi fomu akiwa na umri wa miaka 19 hulisoma jina la kwanza. Jina la pili hulisoma miaka sita baadaye, mara nyingi kwenye simu yake, akiwa hana kazi.

Hesabu ya Mkopo Wenyewe

Haki haina budi kutendewa mkopo huu. Kwa sura yake ya awali ni mkopo wa huruma. Chukua mfano wa kukadiria wa mwanafunzi aliyekopa shilingi 50,000 kila mwaka kwa miaka mitano ya shahada yake. Jumla ni shilingi 250,000. Riba ni asilimia 4 kwa mwaka, nayo ni riba ambayo kijana asiye na dhamana hawezi kuipata benki. Akilipa deni hilo kila mwezi kwa muda wa miaka sita, kila lipo litakuwa kama shilingi 3,900. Hata akianza na mshahara wa kiasi cha shilingi 40,000, deni litachukua chini ya sehemu moja ya kumi ya mshahara huo. Kwa mhitimu mwenye ajira, basi, mjomba aliyeuliza swali hana sababu ya kukosa usingizi.

Mambo hubadilika ajira inapokosekana. Sheria inamtaka mkopaji aanze kulipa katika muda wa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, na inaweka faini isiyopungua shilingi 5,000 kwa kila lipo la mwezi lisilotolewa. Hebu msomaji aviweke viwango hivyo viwili bega kwa bega. Mhitimu aliyeshindwa kulipa shilingi 3,900 hutozwa shilingi 5,000 kwa kushindwa huko. Kwa mwaka mmoja faini hufika shilingi 60,000, ilhali riba ya mkopo wote kwa mwaka huo ni kama shilingi 10,000 tu. Faini ni riba mara sita. Mkopo uliokuwa wa huruma kwa mwenye kazi hugeuka kuwa mkali kupindukia kwa asiye na kazi, yaani kwa yule hasa aliyehitaji huruma.

Mwaka 2022 Mahakama Kuu iliamua kwamba riba na faini zikijumlishwa hazifai kuzidi kiasi cha mkopo wenyewe. Uamuzi huo ulimwekea mdaiwa kikomo, na ni jambo la kushukuriwa. Hata hivyo, kikomo chenyewe ni deni kuongezeka maradufu. Kadhalika bodi imekuwa ikitoa msamaha wa faini mara kwa mara, hasa kwa wale wanaoweza kulipa deni lote kwa mkupuo mmoja. Mwenye uwezo wa kulipa kwa mkupuo, hata hivyo, si yule aliyekosa lipo la mwezi kwa kukosa ajira.

Saa Mbili Zisizoafikiana

Mwanafunzi wa uhandisi ana dhiki nyingine ambayo mwenzake wa Kiswahili au wa biashara haijui sana. Shahada nyingi nchini huchukua miaka minne. Ya uhandisi huchukua mitano. Fauka ya hayo, Sheria ya Wahandisi ya mwaka 2011, iliyounda Bodi ya Wahandisi ya Kenya, haimtambui mhitimu kuwa mhandisi kamili mara tu anapovua joho la mahafali. Husajiliwa kwanza kama mhandisi mhitimu, kisha hutakiwa kufanya kazi ya taaluma yake kwa muda usiopungua miaka mitatu kabla ya kuomba usajili wa mhandisi mtaalamu. Kwa hiyo lile jina la Injinia ambalo kijiji humpa siku ya kuchinja mbuzi, sheria humpa baada ya miaka minane hivi, akibahatika.

Kwa maneno mengine, mhitimu huyu huishi kwa saa mbili. Saa ya deni hulia mwaka wa sita. Saa ya taaluma hulia mwaka wa nane au baada yake, na haianzi hata kuhesabu mpaka apate mahali pa kufanyia kazi hiyo ya miaka mitatu. Katika pengo lililo baina ya saa hizo, wengi huishi kwa posho ya mafunzo kazini, kwa vibarua, au kwa kuuza vifaa vya umeme dukani. Hakuna anayesema kazi hizo ni za aibu. Ila hazikuwamo katika hesabu iliyofanywa siku ya karamu.

Gharama Isiyoandikwa Popote

Katika pengo hilo hilo hujificha gharama nyingine ambayo hakuna karatasi ya mkopo inayoitaja: mapato yaliyoachwa. Chukua vijana wawili waliomaliza shule ya upili pamoja. Mmoja ameingia chuo kikuu. Mwingine ameingia chuo cha ufundi kwa miaka miwili, akapata leseni ya kuweka nyaya za umeme majumbani, akaanza kazi. Fundi huyo akipata wastani wa shilingi 20,000 kwa mwezi, basi katika miaka mitatu ambayo mwenzake bado yumo darasani atakuwa amepata shilingi 720,000. Ada za wote wawili zikiwekwa kando, gharama halisi ya shahada si shilingi 250,000 za mkopo. Ni shilingi 970,000, na sehemu kubwa yake ni muda, wala si deni.

Je, gharama hiyo hurudi? Mhandisi akianza kazi mara moja kwa shilingi 40,000, atamzidi fundi kwa shilingi 20,000 kila mwezi, sawa na 240,000 kwa mwaka. Baada ya miaka minne hivi atakuwa amelipa gharama yote, na miaka inayosalia mpaka kustaafu ni faida tupu. Hapo shahada ni biashara njema isiyo na mjadala. Lakini akikaa miaka mitatu bila kazi, ataongeza shilingi 720,000 nyingine za mapato yaliyoachwa. Kwa kuwa mwaka wa kwanza ni wa nafuu na miwili inayofuata ni ya faini, ataongeza pia shilingi 120,000 za faini. Gharama inafika shilingi 1,810,000, na miaka ya kuirejesha inakaribia minane. Shahada ni ile ile, mshahara ni ule ule, mkopo ni ule ule. Kilichobadilika ni miaka mitatu ya kungoja.

Nambari hizi ni za mfano, na kila familia inaweza kuzibadilisha kwa zile inazozijua. Mwelekeo wake ndio wa kuzingatiwa. Anayetaka kujua kama shahada hii itamlipa asiulize kwanza mhandisi hupata kiasi gani. Aulize huchukua muda gani kabla ya kuanza kupata.

Mfumo Mpya na Mzigo Mpya

Hesabu hiyo ilikuwa ya mkopo wa zamani, wakati serikali ilipolipa sehemu kubwa ya gharama ya masomo moja kwa moja kwa vyuo. Mwezi Mei 2023 ulizinduliwa mfumo mpya wa ufadhili, unaomgawia kila mwanafunzi msaada wa masomo na mkopo kulingana na uwezo wa familia yake. Katika mgawanyo uliotangazwa mwaka 2024, mwanafunzi wa kundi la tatu, ambalo ndilo la kati, hupewa msaada wa asilimia 50 ya gharama ya kozi na mkopo wa asilimia 30. Familia hujazia asilimia 20, na juu yake upo mkopo wa kujikimu wa shilingi 50,000 kwa mwaka.

Asilimia hupendeza kwa kuwa huonekana sawa kwa wote. Lakini asilimia 30 ya kozi ya bei nafuu si asilimia 30 ya kozi ghali, na uhandisi, kwa maabara zake na mitambo yake, ni miongoni mwa kozi ghali. Ikiwa kozi imekadiriwa kwa shilingi 300,000 kwa mwaka, mkopo wa ada ni shilingi 90,000. Ukiongezewa wa kujikimu hufika 140,000, na kwa miaka mitano ni shilingi 700,000. Lipo la kila mwezi kwa miaka sita sasa ni kama shilingi 11,000, zaidi ya robo ya ule mshahara wa shilingi 40,000. Mahakama Kuu ilitamka mnamo Desemba 2024 kwamba mfumo huo unakiuka Katiba, na serikali ikakata rufaa. Vyovyote iwavyo, waliokwisha kutia sahihi wamekwisha kukopa, na saa yao ya deni inahesabu.

Hoja za Upande wa Pili

Wapo watakaopinga kwamba elimu si bidhaa ya dukani ya kupimwa kwa kilo. Hoja hiyo ina uzito. Taifa linahitaji watu wanaoelewa jinsi mvuke wa Olkaria unavyogeuka kuwa mwanga wa taa Kisumu, na haliwezi kuwapata watu hao kwa kuwatisha vijana kwa madeni. Hata hivyo, taifa linalomhitaji mtu halimwachi abebe peke yake hasara ya kutohitajiwa kwa wakati.

Wengine watasema kwamba wadaiwa ni wakaidi, na kwamba faini ndiyo lugha wanayoielewa. Hili nalo lina ukweli wake. Mfuko wa mikopo ni wa mzunguko: shilingi inayorudishwa na mhitimu wa jana ndiyo anayokopeshwa mwanafunzi wa leo. Mwenye mshahara mnono anayejificha asilipe humnyima mtoto wa jirani yake nafasi aliyopewa yeye. Huyo hastahili kutetewa na yeyote. Kosa la sheria ni kumtia katika gunia moja na yule asiye na chochote cha kukatwa. Kwa miaka mingi matangazo ya kazi za umma yamedai cheti cha bodi ya mikopo miongoni mwa stakabadhi, na wadaiwa wameorodheshwa katika taasisi za taarifa za mikopo. Kwa hiyo asiye na kazi hukosa kulipa kwa kuwa hana kazi, na huweza kukosa kazi kwa kuwa hajalipa.

Kipo kisa ambacho kila mwanafunzi wa uhandisi wa umeme anakijua. Mitambo 365 ya upepo ilijengwa Loiyangalani, kaunti ya Marsabit, yenye uwezo wa megawati 310. Ilikuwa tayari mwaka 2017. Lakini laini ya kuusafirisha umeme hadi Suswa, zaidi ya kilomita 400, haikukamilika mpaka mwaka 2018. Upepo ulivuma, mitambo ilisimama, na serikali ikalazimika kulipa fidia kwa umeme ambao haukumfikia mtu. Hakuna aliyedai kwamba mitambo ilikuwa mivivu, wala hakuna aliyeitoza mitambo faini kwa kutouza umeme. Aliyelipa ni yule aliyechelewesha laini. Mhitimu asiye na kazi ni mtambo wa Loiyangalani wa mwaka 2017: amekamilika, amekaguliwa, anangoja laini. Tofauti ni kwamba yeye ndiye anayetozwa faini ya kungoja.

Mapendekezo

Ikiwa kiini cha tatizo ni muda, basi na tiba ianzie kwenye muda. Kwanza, deni lianze kudaiwa mapato yanapoanza. Taasisi za serikali zina kumbukumbu za kodi na za michango ya uzeeni. Hazishindwi kujua nani ameajiriwa na nani hajaajiriwa. Riba ya asilimia 4 iendelee, ili mfuko usiliwe na mfumuko wa bei, lakini faini iwekewe yule mwenye mapato anayekataa kulipa.

Pili, vyuo vya uhandisi visaidie kulifupisha pengo. Mwanafunzi anayepitia mafunzo ya nyanjani kila mwaka angeweza kuhitimu akiwa na leseni ya ufundi wa umeme mfukoni kando ya shahada yake. Anayejua kukokotoa mkondo wa kiwanda kizima na pia kuunganisha nyaya za nyumba ya vyumba vitatu hatakaa miaka mitatu akiitazama simu.

Tatu, hesabu hii ifanywe mbele ya mwanafunzi katika wiki yake ya kwanza chuoni, kwa lugha anayoielewa pamoja na mzazi wake. Fomu ya mkopo imwoneshe jumla atakayodaiwa, lipo la kila mwezi, siku ya kwanza ya kulipa, na faini ya kila mwezi asipolipa. Naye mwanafunzi akope anachohitaji, na wala si kila anachoruhusiwa. Akihitimu bila kazi, aiandikie bodi mapema na kuhifadhi nakala. Dawa ya deni ni kulipa, na kwa asiyeweza kulipa, kimya si dawa.

Hitimisho

Shahada ya uhandisi wa umeme bado inafaa kukopewa. Hesabu zilizotolewa hapa hazisemi vinginevyo: mhitimu anayepata kazi mapema hulimaliza deni lake na kubaki na miaka mingi ya mapato. Wanaoumia ni wale wanaongoja, na kungoja huko hakukuwa uamuzi wao. Siku ya karamu ijayo, mjomba na asikatishwe anapouliza swali lake. Alirekebishe tu kidogo: baada ya mahafali, kijana atangoja miaka mingapi, na ni nani atakayelipia kungoja huko? Familia ikiweza kulijibu swali hilo kabla ya sahihi kutiwa, harusi iliyokopewa haitalipwa kwa matanga.